Tusimsingizie Mungu Damu ya Barabarani

Kuna maneno tuliyoyazoea mno katika vilio vyetu, toka Kamanyola mpaka Baraka. Husemwa kwa sauti ya chini, kichwa kimeinama, na wote walioketi huitikia: "Ni mapenzi ya Mungu. Saa yake ilikuwa imefika." Husemwa juu ya mzee wa miaka 80 aliyezimika usingizini, na hapo yanafaa. Lakini husemwa pia, kwa sauti ile ile, juu ya kijana wa miaka 19 aliyerushwa kutoka pikipiki iliyobeba watu wanne, na juu ya mama aliyeanguka kutoka juu ya magunia ya mihogo ndani ya lori. Hapo maneno hayo si faraja tena. Ni ushahidi wa uongo, na anayeshuhudiwa uongo ni Mungu mwenyewe.

Nitasema jambo ambalo halipendwi vilioni. Wafu wetu wengi wa barabarani hawakuuawa na Mungu, wala na mchawi. Waliuawa na kasi iliyokomeshwa ghafla. Nguvu iliyowavunja inajulikana na inapimika, na sehemu yake kubwa ilikuwa mikononi mwa watu: aliyeendesha, aliyepakia, aliyekodi, aliyekubali kupanda, na aliyeona akanyamaza. Tunaposema "mapenzi ya Mungu" tunawaondolea wote hao dhambi pasipo maungamo, na kesho yake safari inaendelea vilevile.

Kisa hiki wengi wenu mmekiona, kila mara na jina jingine. Jioni, katika uwanda wa Ruzizi, motari anagonga lori lililosimama kando bila taa. Usukani wa pikipiki unamchoma tumboni, anaanguka, kisha anainuka na kukung'uta vumbi. Watu wanakusanyika: "Mungu ni mkubwa, hana hata tone la damu!" Wanampa maji ya kunywa, wanamsindikiza nyumbani. Usiku analalamika tumbo, anaona kiu, anatokwa na jasho la baridi. Kabla ya jogoo kuwika amekufa. Asubuhi, marehemu akiwa bado hajazikwa, jina la shangazi mmoja mzee limekwisha kuanza kunong'onwa. Maana, wanauliza, mtu asiye na kidonda anakufaje bure?

Swali hilo lina jibu. Jibu hilo lingemwokoa motari yule, na lingemwokoa yule shangazi pia.

Vita imetufundisha kuogopa risasi. Mtu akipigwa risasi, hakuna anayemwambia aende kulala. Tundu linaonekana, damu inaonekana, watu wanakimbia. Lakini jeraha la kupondeka halina tundu. Ngozi imebaki nzima, na kilichopasuka kiko chini yake. Kwa kuwa macho hayaoni kitu, tunasema hakuna kitu. Jeraha la namna hii ndilo linalozaliwa zaidi katika ajali za magari na pikipiki, nasi ndilo tusiloliheshimu.

Tuelewe jinsi linavyotokea. Kila ajali ni migongano mitatu, na sisi huona mmoja tu. Wa kwanza ni wa chombo: gari linagonga jiwe, mti, ng'ombe au gari jingine, na linasimama. Wa pili ni wa mwili: gari limesimama, lakini aliye ndani bado anakwenda mbele kwa kasi ile ile, mpaka akutane na usukani, kioo, chuma cha kiti, mgongo wa jirani, au ardhi yenyewe. Wa tatu ni wa viungo vya ndani: mwili umesimama, lakini ubongo, moyo, ini na bandama bado vinasafiri. Ukikitupa ukutani kibuyu cha maziwa, kibuyu chaweza kubaki kizima, lakini maziwa yaliyomo hayakubaki yametulia.

Ubongo hupiga ukuta wa fuvu upande wa mbele, kisha hurudi na kupiga upande wa nyuma. Mishipa midogo inayoufunika hukatika, na damu hujikusanya mahali ambapo hakuna nafasi ya ziada. Moyo huvutwa mbele, na mshipa mkuu utokao moyoni waweza kuchanika pale unaposhikamana na kifua. Huyo mara nyingi hufa papo hapo. Mbavu huvunjika na ncha zake hutoboa mapafu. Kibofu kilichojaa mkojo hupasuka kama mpira. Ini, ambalo ni zito na limening'inia kwa kano chache, huchanika pale lilipofungwa. Na bandama, ambalo wengine huliita wengu, hupasuka na kumwaga damu tumboni.

Hapo kwenye bandama tusimame kidogo, maana linatuhusu sisi wa ziwani na wa uwandani kuliko wengine. Malaria inayorudi mara kwa mara hulivimbisha bandama. Bandama lililovimba huwa kubwa, huchungulia chini ya mbavu zilizokuwa zikililinda, na hupasuka kwa kishindo kidogo kuliko kile ambacho lenye afya lingekistahimili. Laweza pia kuvuja polepole na kupasuka kabisa siku kadhaa baadaye, wakati ajali imekwisha kusahauliwa. Sasa fikirini ni wangapi kati yetu waliokua bila malaria.

Tena mwili wa kijana ni mjuzi wa kuficha. Mtu mzima ana damu ya lita tano hivi. Kijana mwenye nguvu aweza kupoteza zaidi ya lita moja ndani ya tumbo akiwa bado anaongea, kwa sababu mishipa yake hujikaza na moyo wake hupiga mbio ili kufidia upungufu. Kisha uwezo huo huisha kwa ghafla, naye huanguka kama ukuta. Fupa la paja likivunjika, paja peke yake laweza kumeza lita moja na zaidi ya damu. Mtoto wa kilo 15, yule tunayemweka mbele juu ya tangi la pikipiki, damu yake yote ni lita moja na kidogo. Yeye hana cha kupoteza.

Na kasi je? Hapa vijana wengi hudanganyika, kwa kudhani kwamba kuongeza mwendo mara mbili ni kuongeza hatari mara mbili. Sivyo. Nguvu ya kishindo hukua kwa kasi kuzidishwa kwa yenyewe: mwendo ukiwa mara mbili, kishindo ni mara nne, ukiwa mara tatu, ni mara tisa. Kipimo chake mnakijua tangu utoto, kwa sababu mmekulia kati ya michikichi. Kugonga kitu kigumu kwa kilomita 36 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita 5. Kwa kilomita 50 kwa saa, ni karibu mita 10, kimo cha mchikichi mrefu. Kwa kilomita 72 kwa saa, ni mita 20, yaani michikichi miwili kama huo iliyopandana. Hakuna mama wa Mboko au Makobola ambaye angemwacha mwanawe apande mchikichi mrefu bila kamba kisha aseme "Mungu atamshika". Lakini mwana huyo huyo akipanda pikipiki bila kofia na kwenda mbio hadi Kalundu, tunamwaga kwa tabasamu.

Mambo haya hayakugunduliwa jana. Mwaka 1917, Mmarekani Hugh DeHaven, aliyekuwa akijifunza urubani, alianguka na ndege, akapona akiwa na ini na viungo vingine vya ndani vilivyopasuka. Kitandani alijiuliza swali ambalo sisi hatujiulizi vilioni: ni kitu gani hasa kilichonipasua? Aliona kwamba ni chuma cha mkanda wake. Mwaka 1942 alichapisha uchunguzi wa watu walioanguka kutoka mita 15 hadi 45 na wakaishi, akaonyesha kwamba mwili hustahimili mengi iwapo kishindo kitatawanywa juu ya sehemu pana na kupewa nafasi ya kupungua. Naye daktari wa ubongo Hugh Cairns alikuwa miongoni mwa waliomhudumia Mwingereza T. E. Lawrence, aliyeanguka na pikipiki bila kofia mwezi wa Mei 1935 na kufa siku sita baadaye. Cairns hakuridhika kusema kwamba saa ilikuwa imefika. Alichunguza vifo vya wanajeshi waendesha pikipiki, na mwaka 1941 alichapisha hoja yake ya kuwavalisha kofia ngumu. Watu hawa walikataa kuliita fumbo jambo lililokuwa na sababu.

Kofia na mkanda vinafanya kazi hiyo moja: kukigawa kishindo na kukichelewesha. Kofia hupondeka ili fuvu lisipondeke. Mkanda hukushikisha kwenye gari ili usimame pamoja nalo, badala ya kusimamishwa na kioo. Aliyeketi nyuma bila mkanda hujifanya nyundo: uzito wake wote humwangukia aliyeketi mbele.

Najua majibu mliyonayo, maana nami nimeyatumia.

Jibu la kwanza ni umaskini na barabara mbovu. Sikatai. Barabara ya taifa namba 5 ina mashimo, madaraja yake huchukuliwa na mito, na sheria ya barabara ya nchi yetu, ya tarehe 30 Agosti 1978, ina umri kuliko wazazi wa wengi wenu lakini haina wa kuitetea njiani. Mama anayepeleka mihogo sokoni hana gari jingine ila lori, na si yeye ninayemlaumu. Wanaotuongoza wana deni, na tuna haki ya kuwadai. Lakini tuwe wakweli. Sikukuu ya somo wa parokia ikikaribia, tunachanga kitenge cha kila mwanakwaya, na hela zinapatikana. Kofia ya pikipiki hatujawahi kuichangia. Aidha barabara mbovu humlazimisha mtu kupunguza mwendo. Ni pale inapokuwa laini na nyoofu, katika uwanda, ndipo tunapojiua. Breki haiombi bajeti ya serikali.

Jibu la pili: "Fulani alivaa kofia, akafa." Ndiyo, kofia si hirizi. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi nyingi ulionyesha kwamba kofia ya pikipiki hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Wako watakaokufa wakiwa wameivaa. Je, kwa kuwa baadhi ya waliochanjwa huugua, tuache chanjo?

Jibu la tatu ndilo zito, kwa sababu linavaa joho la imani: "Tumesali kabla ya kuondoka." Tumewaona vijana wa parokia wakielekea hija au yubile, 60 juu ya lori moja, wengine wameketi juu kabisa ya mizigo, rozari mikononi, nyimbo midomoni. Nani alimwambia Bwana wetu ajitupe kutoka kinara cha hekalu, kwa kuwa malaika wangemdaka? Aliyesema hivyo alikuwa mjaribu, na alitumia maneno ya Zaburi kusema hivyo. Yesu alimkatalia kwamba Mungu hajaribiwi. Kusali kisha kuketi juu ya magunia, katika lori linaloteremka miinuko ya Ngomo, ni kufanya kile kile alichokikataa. Sala ya kweli kabla ya safari humfanya mtu ahesabu abiria.

Tena Maandiko yenyewe hayakuwahi kuuacha mwili wa jirani uwe kazi ya bahati. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ajengaye nyumba anaamriwa kuzungushia dari lake ukuta mdogo, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Sheria ya Musa haikusema kwamba anayeanguka amefikiwa na saa yake. Ilimtazama mwenye nyumba. Katika Luka, sura ya 13, Yesu aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakanusha kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Hakuwafanya adhabu ya Mungu. Aliwageukia waliosimama wazima akawataka waongoke. Katekisimu ya Kanisa, katika namba 2290, inasema kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi ana hatia kubwa. Na tarehe 19 Juni 2007 baraza moja la Vatikani lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani wenye amri kumi za dereva, ya kwanza ikiwa ile ile ya Sinai inayokataza kuua. Ni lini mara ya mwisho mmoja wetu alipoungama mwendo wa kasi?

Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, lori la mafuta lilipinduka, mafuta yakamwagika, moto ukalipuka. Watu zaidi ya 230 waliteketea, wakiwemo watoto wengi, na baadhi yao walikuwa wamekusanyika kutazama mechi ya Kombe la Dunia. Walizikwa katika makaburi ya pamoja, na dunia nzima ilitusikia tukilia. Kifo cha kupondeka hakiitishi dunia. Huchukua mmoja Luvungi leo, wawili Swima wiki ijayo, mtoto mmoja Kavimvira mwezi ujao. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu wapatao milioni 1.19 wanaokufa barabarani kila mwaka duniani kote, na linasema kwamba kati ya umri wa miaka 5 na 29 hakuna sababu ya kifo inayoipita hiyo. Umri huo ni umri wenu. Kaburi la pamoja lipo. Limegawanywa tu katika makaburi madogo, na ndiyo sababu hatulioni.

Basi nawaomba mambo machache, nanyi mnaweza kuyaanza mkutano huu huu.

Kikundi chochote cha parokia kisisafiri tena juu ya mizigo. Ikiwa fedha hazitoshi gari lenye viti, waende wachache au safari iahirishwe. Pikipiki ibebe abiria mmoja, naye pia avae kofia, na kamba yake ifungwe kidevuni, maana kofia isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini. Katika kila safari wateuliwe wawili wenye ruhusa ya kumwambia dereva apunguze mwendo, na wote wawaunge mkono. Dereva aweza kumdharau mmoja. Gari zima hawezi.

Mtu akianguka, msimwinue haraka. Mmoja ashike kichwa na shingo visicheze. Alazwe juu ya ubao au mlango, wala asipakatwe kati ya watu wawili juu ya pikipiki, maana uti wa mgongo ulioguswa waweza kukatwa na msaada wenu. Msimpe chakula, pombe wala dawa ya kienyeji. Apelekwe hospitali hata kama anatembea na kucheka. Akirudishwa nyumbani, mtu akeshe naye usiku huo kama Msamaria alivyokaa na mgeni wake pale nyumba ya wageni. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, mboni moja kubwa kuliko nyingine, tumbo linalokuwa gumu, maumivu ya bega la kushoto, weupe wa midomo, kiu, jasho la baridi, damu katika mkojo, pumzi fupi: moja tu kati ya hayo latosha kumrudisha kwa daktari usiku ule ule.

Na akifa, twendeni kilioni tukalie naye. Lakini mtu akianza kunong'ona jina la bibi kizee, simameni mseme: hapana, ni bandama lililopasuka, na lilipasuliwa na usukani. Mkisema hivyo mtakuwa mmemtetea mjane asiye na mtetezi. Na mwingine akisema kwamba ni mapenzi ya Mungu, muulizeni kwa heshima na upole: Mungu yupi, baba? Yule aliyempa huyu kijana fuvu lenye mifupa migumu na mbavu za kulinda moyo wake?

Maswali ya kutafakari katika vikundi

1. Katika safari yetu ya mwisho ya parokia, nani alihesabu abiria, na nani aliona hatari akanyamaza?
2. Kuna jina la mtu katika mtaa wetu lililochafuliwa baada ya kifo cha barabarani? Tunaweza kumfanyia nini leo?
3. Tukichanga fedha za kitenge kimoja tu cha sikukuu, tutapata kofia ngapi, na zitatunzwa na nani?